Jinsi ya Kujenga Jumuiya ya Kiyahudi Mtandaoni na Kufundisha Marabi Wake: Mwongozo Kamili

Kurusha ibada mtandaoni ni kazi ya jioni moja. Kupata watu kumi ambao mmoja wao asipoonekana Ijumaa wenzake watampigia simu Jumapili ni kazi ya mwaka mzima, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jumuiya inayoanza kwa kamera nzuri na orodha ndefu ya watazamaji huchakaa upesi, kwa kuwa mtazamaji hadaiwi chochote na mtu. Kwa hiyo kila hatua hapa chini, hata ile ya waya na maikrofoni, inalenga jambo moja: watu wajuane kwa majina na wawajibike wao kwa wao.

Mwongozo huu ni wa rabi, au kikundi kidogo chenye rabi, kinachotaka jumuiya iliyo wazi kwa waongofu, familia za imani mbili, watu wenye ulemavu, watu wa jinsia na rangi zote, na Wayahudi wanaoishi mbali na sinagogi. Kisha, mizizi ikishika, kianze kufundisha viongozi wa dini.

Kwanza amueni suala la minyani

Minyani ni idadi ya watu wazima kumi, waliotimiza umri wa kuwajibika kidini, ambao bila wao sala fulani hazisemwi: Barkhu, Kedusha, usomaji wa Torati wenye baraka zake, na Kadishi ya wafiwa. Swali la kama watu kumi kwenye skrini ni minyani ndilo litakalowagombanisha mapema kuliko yote. Lijibuni kabla hamjatuma mwaliko wowote.

Misimamo mikuu ni mitatu. Waorthodoksi, tawi la Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, huhesabu wanaume kumi walio mahali pamoja, na skrini haihesabiwi. Kamati ya sheria ya Conservative, vuguvugu la kati, ambayo tangu 1973 iliruhusu wanawake kuhesabiwa, ilitoa mwaka 2001 uamuzi kwamba kumi lazima wawe chumba kimoja, ila aliye mbali anaweza kujiunga na kuitikia. Machi 2020, ugonjwa ulipofunga masinagogi, viongozi wa kamati hiyo hiyo waliruhusu minyani ya mtandaoni kwa sababu ya dharura. Baadhi ya jumuiya za Reform, tawi la kiliberali, na jumuiya huru huhesabu waliopo kwenye skrini bila kusubiri dharura.

Rabi aandike uamuzi wake kwa nusu ukurasa, ataje sababu, na atie sahihi. Ushauri wetu kwa wanaohesabu skrini: hesabuni watu wanaoonana na kusikizana, msihesabu simu zilizounganishwa. Asiye na kamera aitikie kwa sauti ili ajulikane yupo. Andikeni pia mtafanya nini mkiwa tisa. Hapo ndipo viongozi wengi hubabaika, wakamsubirisha mfiwa dakika ishirini huku wakitafuta mtu wa kumi kwa ujumbe. Njia nzuri ni kuwa na mbadala ulio tayari: Zaburi ya 23 na sala ya El Male Rahamim kwa jina la marehemu, ambazo hazihitaji kumi. Mfiwa asiondoke mikono mitupu.

Saa na kalenda

Sabato huingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi usiku nyota tatu zinapoonekana. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya machweo. Yerusalemu desturi ni dakika 40. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa sababu kwa wazee wa pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hesabu ya Kiyahudi ni hiyo hiyo.

Tatizo ni umbali. New York, machweo ya Desemba huwa karibu saa 10:30 jioni, na ya Juni karibu saa 2:30 usiku. Mbale, Uganda, karibu na vijiji vya Wayahudi wa Abayudaya, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na takriban saa 1 mwaka mzima. Ibada ya saa 12 jioni ya New York inamkuta mtu wa Mbale saa 7 au saa 8 usiku, Sabato yake ikiwa imekwishaingia zamani. Msijaribu kuwalazimisha wote katika ibada moja ya Ijumaa. Kila ukanda uwe na kikundi chake cha mishumaa, hata cha watu wanne, na mkutano wa wote uwe Jumapili: saa 5 asubuhi ya New York ni saa 12 au saa 1 jioni ya Afrika Mashariki.

Hiyo “au” imeharibu vikao vingi. Marekani hubadilisha saa Machi na Novemba, Afrika Mashariki haibadilishi. Chagueni mji mmoja uwe mizani ya ratiba, kisha katika wiki hizo mbili tumeni ujumbe mara mbili, Alhamisi na asubuhi ya siku yenyewe, ukitaja saa ya kila mahali.

Halafu kuna suala la kugusa vifaa siku ya Sabato. Jumuiya inayoshika katazo hilo hufungua kikao kabla ya mishumaa na kukiacha wazi, kompyuta ikiwa imezuiwa isijizime. Chagueni programu inayostahimili hivyo: Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, na Kadishi huwa mwishoni. Mfiwa aliyengoja ibada nzima anakatwa katikati ya neno. Kama kuna kitu kimoja cha kulipia katika mwaka wa kwanza, lipieni hicho.

Sauti

Ibada ya Kiyahudi ni ya kuimba na kuitikiana, na programu za mikutano zimeundwa kwa watu wanaozungumza mmoja mmoja. Wanaoimba pamoja huanza kuachana sauti inapochelewa zaidi ya sehemu 30 hivi za elfu za sekunde. Kikao cha video huchelewa zaidi ya mara tatu ya hapo. Hakuna kifaa cha kununua kitakachowafanya watu ishirini waimbe Lekha Dodi, wimbo wa kuikaribisha Sabato, kwa pamoja kupitia skrini, kwa hiyo msipoteze fedha huko.

Fanyeni hivi. Maiki zote zifungwe isipokuwa mbili: ya kiongozi wa sala na ya mtu mmoja tuliyemzoea kumwita mwitikiaji. Wengine waimbe kwa nguvu nyumbani kwao, kila mmoja akimsikia kiongozi. Mwitikiaji ndiye anayefanya ibada isisikike kama redio: anasema amina, anajibu Barkhu, anaingia kwenye kibwagizo. Abadilishwe kila wiki, na wageni wapewe zamu mapema.

Kwenye mipangilio ya sauti washeni ile ya sauti halisi isiyochujwa. Kichujio cha kelele hudhani wimbo usio na maneno ni mashine inayonguruma, kikaufuta. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kiongozi avae spika za masikioni, na kompyuta yake iungwe kwa waya. Kasi ya kupandisha ya megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde inatosha. Picha ikiganda, zimeni video ya kiongozi kwanza na muiache sauti. Watu huvumilia kutomwona mtu, hawavumilii sala inayokatika.

Wahitajika watu wanne: kiongozi wa sala, mwitikiaji, fundi anayefunga maiki na kupandisha kurasa, na mkaribishaji. Rabi asiwe fundi. Rabi anayetafuta kitufe hawezi kuona uso wa anayelia.

Ibada ya dakika 60

Mfungue mlango dakika 10 mapema. Mkaribishaji amtaje kila anayeingia kwa jina. Mishumaa, dakika 5. Zaburi mbili na Lekha Dodi, 12. Sala za Barkhu, Shema na Amida, 18. Mafundisho juu ya fungu la Torati la wiki, 7 na si zaidi. Majina ya wagonjwa, 5: yasomwe kwa sauti, yasiachwe kwenye gumzo la maandishi. Kadishi, 4. Kidushi, yaani baraka ya divai, na baraka ya mkate, 5. Baki dakika 4 za kupumua kati ya sehemu.

Kisha vyumba vidogo vya watu wanne kwa dakika 15, wakiwa na swali moja lililoandikwa. Wengi huviona kama nyongeza. Sisi tunavihesabu kuwa nusu ya ibada, kwa sababu ndimo inamojulikana kwamba mwana wa mtu anaumwa au kazi yake imekatika.

Kadishi na daftari la wafiwa

Hapa ndipo tunapowaomba mkae zaidi. Mtu anaweza kukosa sala mwaka mzima, lakini akifiwa na mama yake atatafuta mahali pa kusema Kadishi. Huisema kwa miezi 11 kwa mzazi, halafu kila mwaka siku ya kumbukumbu. Jumuiya inayomtunza katika miezi hiyo imempata kwa maisha.

Anzisheni daftari lenye safu hizi: jina la marehemu la kawaida na la Kiebrania, uhusiano, mji, tarehe ya kifo, na kama alifariki kabla au baada ya machweo. Safu hiyo ya mwisho husahauliwa, nayo hubadilisha tarehe: aliyefariki Jumanne saa 3 usiku amehesabiwa katika Jumatano. Kalenda ya bure ya Hebcal itawapa tarehe ya Kiebrania. Angalieni mwezi wa Adari, maana katika miaka 7 kati ya kila 19 unakuwa miwili, na familia hutofautiana desturi; waulizeni, mwandike.

Mtu wa zamu ampigie mfiwa simu siku tatu kabla. Simu, siyo ujumbe wa kundi. Wakati wa Kadishi yenyewe, mfiwa mmoja afunguliwe maiki pamoja na mwitikiaji. Wafiwa wengine wafuate kimyakimya. Mkiwafungulia wote, itakuwa makelele ya Kiaramu yasiyoshikana na hakuna atakayejua amina iko wapi. Wapokezane kwa wiki. Maandishi ya Kadishi yawekwe kwa herufi za Kiebrania na kwa herufi za Kilatini, na hapa tena Kiswahili kinasaidia: irabu zetu tano zinalingana vizuri na za Kiebrania, na “kh” ya kheri inakaribia sauti inayowashinda Waingereza.

Msirekodi Kadishi, wala majina ya wagonjwa. Kamwe.

Mlango ulio wazi unajengwa kwa maneno gani

Kusema “wote karibuni” hakutoshi. Kuna mambo mahususi ya kupanga.

Msimuulize mgeni yeyote amekuwaje Myahudi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika Bava Metzia 4:10, inakataza kumkumbusha mtoto wa waongofu matendo ya baba zake, na swali hilo la kwenye chumba cha kusubiri huulizwa zaidi watu weusi kuliko wengine. Jumuiya ya Abayudaya ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na ilivumilia marufuku ya Idi Amin. Mtu anayetoka katika historia hiyo hana deni la maelezo kwa mtu aliyejiunga wiki iliyopita.

Kuhusu nasaba, semeni mnafuata nini. Vuguvugu la Reform la Marekani liliamua mwaka 1983 kumtambua pia mtoto wa baba Myahudi aliyelelewa katika dini, wakati Waorthodoksi na Conservative hushika upande wa mama. Mwenzi wa ndoa asiye Myahudi aambiwe wazi kazi anazoweza kufanya: kusoma maombi kwa lugha ya nyumbani, kukaribisha, kupika, kuketi kwenye kamati. Kimya ndicho kinachoumiza; mtu hugundua mpaka wake mbele ya watu.

Mtu anapoitwa kwenye Torati, Kiebrania hudai jinsia: “ben” ni mwana wa, “bat” ni binti wa. Kwa asiyetaka yoyote kati ya hizo, hutumika “mibeit”, yaani wa nyumba ya, na kitenzi cha kuita hugeuzwa kiwe kisichotaja jinsia. Fomu ya kujiunga iulize jina la kuitwa kwenye Torati kama mtu anavyotaka lisomwe, kwa nafasi tupu ya kuandika, bila visanduku viwili.

Kitabu cha sala kilichopigwa picha hakisomeki na programu inayomsomea asiyeona. Tayarisheni maandishi halisi, herufi za ukubwa wa 18, faili lisilozidi megabaiti 2 ili lisimmalizie bando mtu wa kijijini. Manukuu yanayojiandika yenyewe huvuruga Kiebrania hadi kuchekesha au kutukana, kwa hiyo mtu mmoja abandike maneno ya sala kwenye gumzo kadiri inavyoendelea. Wekeni pia namba ya kupiga kwa simu ya kawaida.

Na ulinzi. Wavamizi wa vikao wenye chuki dhidi ya Wayahudi wapo, na huja siku kuu zaidi. Kiungo kisitangazwe hadharani. Mgeni ajiandikishe angalau saa 24 kabla na ajibiwe na mtu. Washeni chumba cha kusubiri, neno la siri, na kuonyesha skrini kuwe kwa fundi pekee. Fundi afanye mazoezi ya kumtoa mtu ndani ya sekunde tano. Uvamizi ukitokea, fungeni kikao, hamieni kiungo cha akiba mlichokubaliana, na siku inayofuata mpigie kila aliyekuwepo.

Kuingia katika Uyahudi kunaweza kufundishwa mtandaoni kwa mzunguko mzima wa sikukuu za mwaka, na baraza la watu watatu linaweza kumsikiliza mwombaji kwa video pale rabi anaporuhusu. Mikve, maji ya kuzamia kwa utakaso, haina toleo la mtandaoni. Mwili lazima uzame majini. Kwa aliye Mombasa au Tanga jambo ni jepesi kuliko anavyodhani, kwa kuwa Mishna inahesabu bahari kuwa mikve. Kinachohitajika ni mahali pa faragha, mashahidi wanaofaa, na mtu wa kuangalia mawimbi.

Kufundisha marabi

Msianze hili kabla jumuiya haijatimiza miaka mitatu. Mwanafunzi anahitaji watu wa kuwaongoza akikosea.

Mambo haya yana mfano. Programu ya ALEPH ya Marekani imekuwa ikifundisha marabi kwa masafa, ikichanganya madarasa ya mbali na wiki za kukutana ana kwa ana. Kwa upande mwingine, Gershom Sizomu wa Abayudaya aliacha nyumbani akaenda kusoma Shule ya Ziegler, Los Angeles, akapewa smikha, yaani idhini ya kuwa rabi, mwaka 2008. Si kila mtu anaweza kuhama hivyo, na ndiyo sababu ya kujenga njia nyingine; lakini njia hiyo lazima iwe na uzito ule ule.

Pokeeni wanafunzi 6 hadi 8, idadi shufwa, kwa ajili ya hevruta: wawili wawili wakisoma andiko kwa sauti na kubishana. Pangeni miaka 5 ya saa 15 kwa wiki: madarasa mawili ya dakika 90, hevruta tatu za saa moja, na zilizobaki maandalizi binafsi. Jaribio la kuingia ni fupi: asome aya kumi za Torati ya Kiebrania zenye alama za irabu bila msaada. Asiyeweza apelekwe mwaka wa Kiebrania kwanza, tena bila aibu.

Mwaka wa 1 ni Torati na wafasiri wake, pamoja na mpangilio wa sala. Mwaka wa 2, Mishna na kuingia Talmudi, mjadala mrefu juu ya Mishna. Kitabu chake cha Berakhot chafaa kuanzia, kwa kuwa kinafungua na saa ya kusema Shema jioni, jambo ambalo mwanafunzi tayari analitenda. Miaka ya 3 na 4 ni sheria katika kitabu cha Shulhan Arukh: Sabato na sala katika sehemu ya Orah Hayim, na katika sehemu ya Yore Dea, sura ya 268 ya kuingia dini na 340 hadi 403 za maombolezo. Maandiko yote yako bure kwenye tovuti ya Sefaria. Mwaka wa 5 ni mazoezi, nusu ya kila juma.

Kwa malezi ya wagonjwa na wafiwa, Marekani kipimo kinachojulikana ni saa 400 za mafunzo hospitalini chini ya msimamizi. Shikeni hicho. Mwanafunzi apate barua ya msimamizi wa mji wake, awe wa hospitali, nyumba ya wazee au sinagogi jirani, kabla ya kupokelewa. Wanaoahidi kumtafuta baadaye hufika mwaka wa nne hawajawahi kushika mkono wa anayekufa.

Mtihani wa mdomo hauna budi uwe wa ukurasa usiotarajiwa. Mtandaoni ni rahisi mtu kufungua tafsiri pembeni akaisoma kama yake. Mtumieni ukurasa usio na irabu dakika hiyo hiyo, asome, afasiri, kisha aulizwe: sheria hii imetoka wapi katika Talmudi, na nani aliipinga? Anayejua hunyooka kwenye swali la pili, asiyejua hunyamaza.

Tenganisheni kazi za walimu. Anayemsikiliza mwanafunzi shida zake asiwe anayempa alama wala anayemtafutia ajira, na malalamiko yapelekwe kwa mtu aliye nje ya shule.

Kabla ya kupokea ada, mwambieni mwanafunzi ukweli kuhusu kutambuliwa. Vyama vya marabi vya kila vuguvugu vina masharti yao na havilazimiki kukubali smikha yenu. Rabanuti, baraza kuu la marabi la Israeli, haitambui ndoa zinazofungishwa huko na marabi wasio Waorthodoksi. Mlango huu umekuwa ukipanuka polepole kwa waliokataliwa, wakiwemo wanawake: Regina Jonas alipata smikha Ujerumani mwaka 1935, Sally Priesand Marekani mwaka 1972, Alysa Stanton, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi, mwaka 2009. Kilichowasimamisha kilikuwa elimu ambayo hakuna aliyeweza kuitilia shaka, na hiyo ndiyo mnayodaiwa kumpa.

Siku ya smikha watu wakutane ana kwa ana ikiwezekana. Hati itiwe sahihi na marabi watatu waliomtahini, itaje anachoidhinishwa kufanya, na nakala ibaki shuleni. Mwaka wa kwanza wa kazi, rabi mpya awe na saa moja kila wiki na mlezi wake. Na akipata mazishi yake ya kwanza, mlezi ampigie usiku wa kuamkia siku hiyo, wapitie pamoja majina ya wafiwa, njia ya kutoka lango la makaburi hadi kaburini, na nani atakayeanza kumwaga udongo.